Gia ya Kupandia na Gia ya Kushukia: Historia ya Kukokota Vyombo na Mizigo Mizito katika Nyanda za Juu Kusini

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hususan mikoa ya Iringa na Mbeya, zimeinuka kati ya mabonde mawili makubwa: upande wa kaskazini na mashariki lipo bonde la Mto Ruaha Mkuu, na upande wa kusini-magharibi lipo bonde la ufa linalobeba Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500 na Jiji la Mbeya kiasi cha mita 1,700, na barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu hupanda zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuanza kuporomokea Kyela. Kwa hiyo mzigo wowote utokao pwani kwenda ziwani kwa njia hii hauna budi kupandishwa zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya bahari, kisha uteremshwe sehemu kubwa ya kimo hicho hicho. Historia ya uchukuzi wa eneo hili imezoeleka kuandikwa kama historia ya barabara, reli na mikopo iliyozigharimia, na hivyo wanaotajwa ni magavana, mawaziri na wahandisi. Wanaosahaulika ni wale waliofika chini ya mlima wakiwa na mzigo nyuma yao, wakalazimika kuamua papo hapo namna ya kuigawa nguvu waliyokuwa nayo. Kwa dereva wa leo uamuzi huo huitwa kuchagua gia, lakini wenyewe ulitangulia magari kwa miaka mingi.

Gia, kwa maelezo mafupi, ni magurudumu ya meno yaliyowekwa kati ya injini na matairi, na kazi yake ni kubadilishana kasi na nguvu. Katika gia namba moja ya gari dogo la mizigo, injini huzunguka mara nne hivi ili mhimili unaokwenda kwenye difu uzunguke mara moja, kwa hiyo mwendo hupungua mara nne lakini nguvu ya kuzungusha, yaani ile inayosukuma tairi dhidi ya ardhi, huongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Katika gia ya moja kwa moja injini na mhimili huzunguka sawasawa, na katika gia iliyo juu zaidi ya hiyo, ambayo madereva huiita ovadraivu, mhimili huzunguka haraka kuliko injini, jambo linalookoa mafuta kwenye tambarare lakini likaiacha injini bila nguvu pale tela linapoanza kuvuta kurudi nyuma. Katika mteremko mambo hugeuka: matairi ndiyo huizungusha injini, na injini hukataa kuzungushwa, kwa hiyo gia ya chini hulizuia gari kukimbia bila breki kukanyagwa muda wote. Mwinuko wenyewe wa nchi nao huchukua sehemu yake, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani kile chombo kinachoisukumia hewa ya ziada, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Gari lililovuta boti bila shida kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze huwa si gari lile lile linapofika Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu.

Vyombo vya awali vya kigeni vilivyovuka nchi kavu kuelekea maziwa makuu vilikokotwa bila injini yoyote. Mwaka 1882 Edward Hore, baharia aliyekuwa mmisionari wa Shirika la Kimisionari la London, aliondoka Saadani akiwa na mashua ya chuma iliyogawanywa vipande na kuwekwa juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu, akafika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa mwaka 1883. Njia hiyo ilipita kaskazini mno kuhusiana na Iringa, na gharama yake kwa wapagazi ilikuwa kubwa. Shirika hilo lilipotaka kupeleka katika ziwa hilo meli ya mvuke iliyoitwa Good News, lilichagua kuzunguka kusini: kwa bahari hadi mdomo wa Zambezi, kwa mto Shire hadi Ziwa Nyasa, kisha nchi kavu kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa hilo hadi ncha ya kusini ya Tanganyika. Njia ya nchi kavu ilibuniwa na kugharimiwa kwa sehemu na James Stevenson, tajiri wa Glasgow, ikaitwa kwa jina lake. Ilianzia Karonga ikapita katika uwanda ambao leo ni mpaka wa Tanzania, Malawi na Zambia, karibu na ilipo Tunduma. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa bado, na sehemu kubwa ya kile kilichochorwa katika ramani za Ulaya kama barabara ilibaki njia ya miguu. Hata hivyo vipande vya Good News vilifika, na meli iliteremshwa majini mwaka 1885.

Wajerumani nao walipohitaji meli yao Tanganyika walifuata mantiki hiyo hiyo. Hedwig von Wissmann ilipitishwa Zambezi, Shire na Nyasa, ikavushwa uwanda wa juu vipande vipande, ikaanza kazi mwaka 1900. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini katika safari hizi ni namna uzito ulivyopimwa. Katika nchi ambako mbung'o, yaani nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana, waliwaua ng'ombe, farasi na punda, chombo pekee cha kuvutia kilikuwa mwili wa binadamu, na mpagazi mmoja alibebeshwa kiasi cha kilo 27 hadi 30. Mabati, mbao na misumari viligawanyika kwa kipimo hicho bila tatizo. Bwela, yaani lile pipa kubwa la chuma ambamo maji huchemshwa kuwa mvuke, halikugawanyika, wala mhimili mkuu wa injini; hapo ilibidi watu wengi wafungwe kwenye kamba moja na mwendo ushuke hadi hatua chache kwa wakati. Hiyo ndiyo ilikuwa gia ya chini ya karne ya 19: watu wengi, hatua fupi, siku nyingi. Waandishi wa misheni walihesabu siku hizo kwa masikitiko kama ucheleweshaji, ingawa mwenye kuelewa kazi angeziona kuwa bei halali ya mlima.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta kisa kilicho mashuhuri kuliko vyote vya kuvuta boti katika Afrika ya Kati na Mashariki. Mwaka 1915 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliamua kuipokonya Ujerumani Ziwa Tanganyika kwa kutumia boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson. Wazo lilitoka kwa John Lee, mwindaji aliyeijua nchi hiyo. Boti zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga, na kutoka hapo, mwezi wa Agosti, zikaanza kuvutwa kwa zaidi ya kilomita 200 kuvuka milima ya Mitumba, yenye vilele vya njiani vilivyozidi mita 1,800, hadi kichwa cha reli ndogo cha Sankisia zilikofika mwishoni mwa Septemba. Tofauti na Good News, hizi hazikuvunjwa vipande. Zilikaa juu ya tela zikiwa nzima, na mbele yake zilifungwa trekta mbili za mvuke pamoja na makumi ya maksai.

Trekta za mvuke za wakati ule zinastahili maelezo, kwa kuwa ndani yake imo kanuni ambayo madereva wa malori katika mlima wa Kitonga, njiani kuelekea Iringa, walikuja kuirithi. Mashine ya aina hiyo kwa kawaida ilikuwa na gia mbili, ya polepole na ya haraka, na mabadiliko yake yalifanywa kwa kusogeza gurudumu la meno juu ya mhimili mashine ikiwa imesimama kabisa. Aliyejaribu kubadilisha mlimani alijikuta katikati ya gia mbili bila hata moja kushika, na hapo tani kadhaa za chuma zilianza kurudi nyuma zikiwa huru. Kwa hiyo mwendeshaji alilazimika kusimama chini ya mlima, kuutazama mwinuko wote hadi mwisho unaoonekana, na kuchagua. Akishachagua, alibaki na uamuzi wake hadi kileleni. Mitumba iliongeza mtihani juu ya mtihani. Madaraja ya miti yalijengwa kwa wingi ili kuzibeba mashine, mengine yakavunjika chini yake. Maji ya bwela yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya jirani walitafutwa kuyabeba kwa vyungu kutoka mbali. Na pale ambapo trekta ilishindwa kuvuta ikitembea, ilisimamishwa juu ya kilima, ikazungusha kamba ya chuma kwenye ngoma yake, ikazivuta boti moja moja kuifuata. Katika miteremko, kamba nene zilizungushwa kwenye mashina ya miti na kulegezwa kidogo kidogo, mti ukifanya kazi ya breki. Vitabu vya Kiingereza kuhusu safari hii vimejaa vituko vya Spicer-Simson, aliyependa kuvaa sketi na kujichora chale, na kwa hakika alikuwa kioja. Lakini kilichozifikisha boti ziwani kilikuwa subira ya waliolegeza kamba.

Mnamo tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann, iliyokuwa imevuka uwanda wa juu vipande vipande miaka 16 kabla, ilizamishwa. Mwaka huo huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey liliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likachukua Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na kufika Iringa mwishoni mwa Agosti. Jeshi hilo lililishwa na wapagazi walioitwa tenga-tenga, ambao walikuwa maelfu kwa maelfu na ambao wengi wao hawakurudi makwao. Mashine zilikuwapo Mitumba kwa ajili ya boti mbili. Kwa ajili ya unga na risasi za Nyanda za Juu Kusini ulibaki utosi wa mtu.

Baada ya vita malori yalianza kuingia taratibu. Dhahabu ya Lupa, iliyochimbwa tangu miaka ya 1920 katika eneo la Chunya, iliukuza mji wa Mbeya na kuleta haja ya mashine, saruji na mafuta. Clement Gillman, mhandisi wa reli, alitoa mwaka 1929 taarifa ya upimaji wa njia ya reli ya kulifungua eneo la kusini-magharibi, lakini mdororo wa uchumi wa dunia uliifungia taarifa hiyo kabatini, na badala ya reli Shirika la Reli la Tanganyika, na baada ya 1948 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, liliendesha mabasi na malori kutoka vituo vya Reli ya Kati kama Dodoma na Itigi hadi Iringa na Mbeya. Lori lililotoka Dodoma lilivuka Ruaha Mkuu huko Mtera, kisha likapambana na mwinuko wa Nyang'oro kabla ya kuiona Iringa.

Giaboksi za malori hayo ya awali hazikuwa na sinkro, yaani pete za shaba zinazolinganisha kasi ya magurudumu ya meno kabla hayajakutana. Kifaa hicho kilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac mwaka 1928 na kilichukua miongo kadhaa kuenea katika malori. Bila sinkro, dereva aliyetaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akakanyaga mafuta ili kuipandisha kasi ya injini hadi kiwango alichokijua kwa sikio tu, akakanyaga klachi mara ya pili na kuingiza. Akikosea kidogo, meno yalisagana kwa kelele na gia ikakataa. Na lori lililosimama frii, yaani bila gia yoyote, katikati ya mlima lilitegemea breki za ngoma ambazo vumbi na joto vilikwisha kuzichosha. Hapo ndipo thamani ya utingo ilipoonekana. Msaidizi huyo alining'inia nyuma ya bodi akiwa na kabari ya mti mgumu, na mara aliposikia sauti ya injini ikikatika aliruka chini na kuisukuma kabari nyuma ya tairi la ndani kabla gari halijapata mwendo wa kurudi. Kuchelewa kwa sekunde mbili kulitosha kuifanya kabari irushwe kando. Kutoka kwa utingo mtu alipanda kuwa dereva, na shule yake ilikuwa sikio: aliyekwisha kusikiliza injini kwa miaka akiwa nyuma alijua, kabla hajashika usukani, ni sauti ipi inayosema kwamba gia imezidiwa.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa upande mmoja. Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita kusini, ilijikuta ikitegemea ghafla barabara ya udongo kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Mapipa ya petroli yalipakiwa juu ya kila kitu chenye magurudumu. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na wabia wa Kiitaliano, ziliunda kampuni ya uchukuzi ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyoendesha malori ya Fiat yenye tela, na kwa miaka michache barabara hiyo ilikuwa na magari mazito kuliko ilivyowahi kufikiriwa na waliolima mitaro yake. Wakati wa kiangazi vumbi liliwazuia madereva kuona; wakati wa masika tope liliyazamisha magari hadi kwenye ekseli. Wageni waliiita njia ya jehanamu, na mabaki ya malori yaliyolala makorongoni yaliwaunga mkono.

Kitovu cha habari zote hizo kilikuwa Kitonga. Baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara huingia katika korongo lenye msitu na kuanza kupanda kwa kona zilizobanwa kati ya jabali na shimo, hadi inapofika juu kuelekea Ilula. Dereva anayetoka pwani akiwa na shehena hulifikia korongo hilo injini ikiwa imeshapata joto la bondeni, na akikawia kubadili gia kwa tamaa ya kutumia mwendo aliokuja nao, mwendo humwisha ndani ya kona, mahali pabaya kuliko pote. Anayetoka Iringa hukabiliwa na hatari ya kinyume, iliyo kubwa zaidi. Kwa muda mrefu barabara imekuwa tulivu, breki ni baridi, na mlima huanza kwa upole unaodanganya. Kanuni waliyofundishana madereva ni kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungepandiwa nayo, na kwamba gia hiyo huingizwa kabla ya kona ya kwanza, kwa maana lori likishakimbia na tani 30 nyuma yake, gia ya chini haiingii tena: meno yanakataa, na dereva hubaki frii. Breki za ngoma zikikanyagwa mfululizo hupata joto hadi ngoma hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, pedali ikashuka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Injini ya dizeli nayo, kwa maumbile yake, haizuii sana peke yake, ndiyo maana malori mazito hufungiwa breki ya ekzosi, kile kilango kinachoziba bomba la moshi ili injini ijikabe yenyewe; lakini breki hiyo pia haina maana injini ikiwa imetengwa na matairi. Wapo waliokuwa wakiachia gari frii kwa makusudi ili kuokoa mafuta na kuyauza, na katika historia ya ajali za barabara hii hao wana sura yao ya peke yake, isiyohitaji kurefushwa.

Serikali zilijibu kwa njia tatu kwa mpigo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifunguliwa mwaka 1968 na kuondoa mapipa barabarani. Barabara yenyewe, iliyokuja kujulikana kama TANZAM, ilinyooshwa na kuwekwa lami, kazi iliyofikia mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo haikuthubutu kabisa kupanda Kitonga. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza katika mwinuko ambao tairi la mpira huumudu, kwa hiyo wahandisi waliizungusha kusini kupitia Kilombero na kuipandisha kutoka Mlimba hadi Makambako kwa mahandaki 18 na madaraja mengi, likiwamo la mto Mpanga lenye kimo cha mita 50 hivi. Walichokifanya wahandisi ni kuinunua gia ya chini kwa saruji, kwa kuurefusha mlima hadi ukawa mpole. Barabara haikupewa anasa hiyo, na dereva aliendelea kubeba tofauti yake mkononi.

Lami ilileta usahaulifu wa aina yake. Malori mapya yalikuja na giaboksi zenye sinkro, kisha zenye gia 12 au 16 zinazobadilishwa na kompyuta, na magari madogo yakaja bila pedali ya klachi. Ustadi uliokuwa wa lazima ukawa wa hiari. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, umeendelea kuonyesha matokeo: mara kwa mara lori linaloshuka hapo hukatika breki na kuvamia magari yaliyo mbele, na uchunguzi ukigusa chanzo, neno breki hutajwa, huku swali la gia iliyokuwa imeingizwa likiulizwa kwa nadra. Upanuzi wa barabara kuwa ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, utapunguza msongamano ndani ya jiji, lakini mwinuko utabaki pale ulipo.

Kuvuta boti katika njia hii leo ni jambo dogo likilinganishwa na shehena za shaba, lakini ni somo zuri, kwa kuwa boti juu ya tela hukusanya matatizo yote mahali pamoja: hushika upepo, huyumba, na huvutwa mara nyingi na gari la kawaida linaloendeshwa na mtu asiyekuwa dereva wa mizigo. Uzito huanza kupangwa kabla ya safari, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikalie ndoano ya gari; ikipungua, tela huanza kucheza mkia katika mteremko, na ikizidi, tairi za mbele za gari hupoteza mshiko. Kwa gari la otomatiki, hatari iliyojificha ni ovadraivu. Giaboksi ikiachiwa ijiamulie katika mwinuko mrefu kama wa Kitonga, huruka juu na chini kati ya gia mbili bila kutulia, na kila mruko hupasha joto mafuta yake hadi yakaungua na kupoteza ulaini. Dawa ni kuifungia ovadraivu, au kuteua kwa mkono gia ya tatu au ya pili chini ya mlima, na kuacha injini izunguke juu kidogo kwa sauti isiyopendeza sikio la mwenye gari jipya. Katika kushuka, gia hiyo hiyo.

Sehemu ngumu kuliko Kitonga kwa mwenye boti huja mwisho, kutoka Isongole kupitia Tukuyu hadi ziwani. Ndani ya saa chache barabara hupoteza zaidi ya mita 1,500, ikipita katikati ya mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, mara nyingi ikiwa imelowa mvua. Anayeshuka kwa breki pekee hufika Matema akiwa na habu za tela, yaani vitovu vya magurudumu, zenye joto la kuunguza vidole. Na akizirudisha moja kwa moja ndani ya maji ili kuishusha boti, hewa iliyomo hujikunja kwa baridi na kufyonza maji kupita sili hadi kwenye bearingi, ambazo huanza kutu siku hiyo hiyo na kukwama katika safari ya kurudi. Hivyo kosa la gia lililofanyika juu ya Tukuyu hulipwa mwezi mmoja baadaye pembezoni mwa barabara ya Makambako, na mwenye gari hulaumu bearingi.

Kwa vyombo vikubwa zaidi hakuna gia inayotosha, na hapo karne ya 19 inarudi. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja, zilizokamilika mwaka 2017, na baadaye MV Mbeya II ya abiria 200, zilijengwa na kampuni ya Songoro Marine palepale kwenye bandari ya Itungi, wilayani Kyela. Meli kama hizo hazipiti katika kona za Kitonga zikiwa nzima; zinaweza kufika ziwani kwa vipande tu, kama ilivyofika Good News, ila sasa kipande kimoja ni mzigo wa lori badala ya mzigo wa mtu.

Eneo hili lina mahali pa kuhifadhi kumbukumbu zake: huko Kalenga, karibu na Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na katika jengo la kale la Wajerumani mjini Iringa lipo tangu mwaka 2016 jumba la makumbusho la Boma. Madereva na utingo walioyapeleka mapipa Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960 sasa ni wazee wa umri mkubwa, na wapo wanaoishi Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma. Vyuo vikuu vya kanda hii, pamoja na makumbusho hayo, vingefanya kazi yenye thamani kama vingewarekodi wazee hao wakiwa bado wanakumbuka gia gani iliingizwa kwenye kona ipi, na kuweka karibu na sauti zao giaboksi moja iliyofunguliwa ili vijana wayaone meno yake.